Chujio la Kobe

Kobe yule aliletwa na mume wangu kutoka Chimala, ndani ya debe, amefunikwa majani ya mpunga. Mume wangu alikuwa mtu wa kazi za barabara. Aliondoka Jumatatu ya wiki hii, akarudi Jumamosi ya wiki nyingine, na kila akirudi alikuja na kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mara hiyo alikuja na kobe wa maji, mdogo kama kisahani cha chai, ananuka tope lililooza. Binti yetu mkubwa alimpenda papo hapo. Mimi nilimtazama nikajua kazi imeongezeka.

Haikupita miezi mitatu, binti akapata nafasi katika shule ya bweni huko Iringa. Asubuhi ya safari hakunililia mimi wala baba yake, alimlilia kobe.

"Mama, niahidi. Nikirudi likizo ya Krismasi nimkute mzima."

Basi lilikuwa limeshaanza kunguruma. Mama gani anamkatalia mtoto aliye mlangoni mwa basi? Nikaahidi, na tangu siku hiyo sikupumzika.

Tulikaa Ilomba, pembeni ya mji; wakati huo mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba, na maji tuliyachota kijitoni, chini bondeni. Kuteremka si kazi. Kupanda na debe kichwani ndiyo habari nyingine. Kobe aliishi nyuma ya nyumba ndani ya nusu pipa, anakula dagaa na minyoo, na siku ya pili maji yake yalikuwa kijani, siku ya tatu yananuka mpaka jikoni. Nisipoyabadilisha macho yake yalivimba, akasusa chakula. Kuyabadilisha ni madebe sita. Hapo sijahesabu maji ya kupikia, ya kunywa, ya kufulia, na ya kumwogesha mdogo wake binti, mtoto wa miaka mitatu ambaye kila mvua zikianza tumbo lilimwendesha mpaka macho yakaingia ndani. Nilichoka. Nilichoka hata kuongea. Nasema bila aibu kwamba kuna asubuhi niliomba kobe afe mwenyewe, kifo chema, nisije nikalaumiwa.

Hakufa. Ndipo nikaanza kutafuta chujio, nichuje maji yaleyale ya pipa badala ya kupanda na mengine kutoka bondeni.

Nilianza na kanga chakavu, nikaikunja mara nne. Utelezi ukaiziba siku hiyohiyo, na kuifua ikawa kazi mpya juu ya kazi ya zamani. Nikaenda sokoni nikanunua kichujio cha kusuka, kile wanachochujia pombe, nikakificha ndani ya nguo kama mwizi, maana mimi ni mtu wa kanisa. Kilizuia majani na magamba ya dagaa. Ukijani ulipita kama haukukiona.

Nikaenda mjini, dukani kwa Mhindi mmoja aliyeuza vyombo. Alikuwa na chujio zuri sana, mitungi miwili ya kauri imepandana, na katikati jiwe jeupe la kuchujia maji. Nililipapasa kama ninapapasa ng'ombe wa mahari.

"Nyumbani watu ngapi, mama?" akaniuliza. "Ndogo hii ya watu nne. Ile kubwa ya watu nane."

"Si ya watu. Ya kobe."

Akamwita mkewe kutoka uani aje asikie. Wakacheka wote wawili, kisha akanitajia bei, nikaaga.

Jumamosi mume wangu aliporudi nilimwambia ama atafute chujio, ama alale na kobe wake barabarani. Alinitazama akaona sina utani.

"Mchanga na kokoto ndiyo kazi yangu, mama watoto," akasema. "Ungeniambia mapema."

Nilikuwa nimemwambia mara nne. Lakini haki yake nampa, alifanya kazi. Alitoboa debe chini akaliweka juu ya meza ya mawe. Ndani akapanga kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, juu yake mchanga wa mtoni. Kwao ni karibu na Kalenga, upande wa Iringa, na huko mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi ipo tele, basi akaagiza mmoja, akayatoboa mafundo yake kwa nondo ya moto, ukawa bomba la kurudisha maji pipani. Mkaa hakuuosha. Siku ya kwanza maji yalitoka meusi, na kobe akaibuka kama tako la sufuria. Tukafumua kila kitu tukaanza upya, mkaa nikauosha mwenyewe kwa maji matatu.

Safari hii maji yalitoka meupe. Nilikaa pale nikiyatazama yakidondoka, nikalia kidogo, si kwa furaha, ni kile kiuno kilichoelewa kwamba kesho hakitapanda mlima mara sita. Kila asubuhi nilichota maji ya pipa kwa kata nikamimina juu, nikaenda shamba. Kwa muda nilioupata nilishughulikia tumbo la mtoto. Tulikuwa na mpichi mmoja uani, na yeye alikuwa akiokota mapichi mabichi. Mwezi wa kumi na moja, alipoharisha tena, nikachukua shoka nikaukata mti. Akaendelea kuharisha. Nikasema anaokota kwa jirani.

Wiki hiyohiyo akaja mzee wa kanisa. "Ugonile," akanisalimu, akaketi, nikampa maji ya mtungini. Alikunywa nusu, nusu yenye tope chini akaimwaga taratibu kando, kama afanyavyo kila mtu.

"Mama, watu wanasema," akaanza. "Kichujio cha pombe wamekuona nacho. Sasa nyuma ya nyumba kuna pipa, kuna bomba, kitu inadondoka. Kama ni gongo, itavunjwa leo. Na Meza ya Bwana utakaa mbali."

Meza ya Bwana ningeisubiri, lakini kama chujio lingevunjwa, nisingeweza kurudi bondeni kwa madebe sita, na kobe asingeifikia Krismasi. Nikamwambia aje aone. Pipa nilikuwa nimelifunika ubao, mtoto asitumbukie, nikaacha upenyo chini ya mwanzi tu. Kabla sijaufunua, mzee alikinga kiganja kwenye mdomo wa mwanzi, akanusa, akaonja, akakinga tena akanywa kabisa.

"Maji," akasema, kama aliyedhulumiwa. "Tena tamu. Tamu kuliko ile ya mtungi."

Nikafunua ubao. Kobe akanyoosha shingo. Mzee alitema mate mpaka langoni, na mimi nilicheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nilicheka siku nzima, na alichosema juu ya maji ya mtungi hakikuniingia.

Binti alirudi siku chache kabla ya Krismasi, amerefuka, anavaa viatu. Hakuweka hata sanduku chini. Alikwenda moja kwa moja pipani, akafunua, na maji yalikuwa safi hata kucha za kobe zilionekana. Nilimweleza yote, kanga, Mhindi, mkaa, mzee wa kanisa. Nilijisifu, sikatai. Nilistahili kujisifu.

"Mama, ahsante," akasema, akanikumbatia. Kisha akatazama uani. "Mpichi uko wapi?"

"Nimeukata. Ulikuwa unamuumiza mdogo wako tumbo."

Mdogo wake alikuwa mlangoni, miguu myembamba, anakunywa maji ya mtungini kwa kikombe cha bati. Binti alimtazama yeye, akautazama mtungi, akalitazama debe juu ya mawe yake na mwanzi unaodondosha tone baada ya tone.

"Shuleni tunachuja maji kwa mchanga na mkaa, vilevile," akasema polepole, bila ubaya wowote. "Halafu tunachemsha. Hili ni la kobe. La kwetu liko wapi, mama?"

Nilikuwa nimekaa juu ya kisiki cha mpichi.