Kivuli cha Mkuyu wa Bibi

Nilipokuwa mtoto, huko milimani juu ya Same, enzi za Mwingereza, niliamini kwamba bibi yangu mzaa mama angeuawa na mti. Sikulitunga jambo hilo mwenyewe. Kijiji kizima kilijua kuwa anayepanda mkuyu kwa mkono wake hufa siku kivuli cha mti huo kinapotosha kufunika kaburi.

Yote yalianza na maji. Juu ya ndiva yetu, lile bwawa dogo la kumwagilia mashamba, palikuwa na chemchemi katikati ya msitu wa mizimu, ambamo wazee wa zamani hawakuthubutu kuokota hata ukuni. Kisha tukawa Wakristo. Tukaambiwa tusiogope mizimu, nasi tukatii upesi kweli: miti ikakatwa, kahawa ikapandwa. Haikupita miaka mingi, kujaza kata moja pale chemchemi ikawa kazi ya kusubiri. Bwana misitu alipokuja kutoka Same kutuamuru tupande miti, hakuna aliyembishia. Wazee walikumbuka kuwa mkuyu ndio unaotunza maji, na baragumu likapigwa kuita watu kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja.

Nilikuwepo, nimejitwika samadi. Mashimo yalichimbwa kwa nyimbo. Vipande vya matawi ya mkuyu vikaletwa, vikalazwa kando ya mashimo, na hapo nyimbo zikaisha. Mizimu tulikuwa tumeikana, lakini mkuyu tuliuogopa bado. Eliezeri, mzee wa kanisa aliyekemea ushirikina kila Jumapili, alikumbuka ghafla kwamba mgongo unamuuma.

Bibi akaweka kikapu chake chini.

"Nipisheni," alisema. "Ninyi bado mnaitaka dunia."

Akavipanda vyote, akishindilia udongo kwa kisigino. Nililia mbele za watu, nikamng'ang'ania nguo, nikimwambia atakufa aniache. Hakunibembeleza. Alinituma nikachote maji ya kumwagilia kabla udongo haujakauka.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi wa kivuli. Kila nilipotumwa maji adhuhuri, nililala chali chini ya mkuyu uliokua kuliko mingine, mikono kifuani kama maiti, nikatazama miguu yangu. Ikiwa juani, basi bibi ni mzima, na niliteremka nikiimba. Sikujua kuwa nami nilikuwa narefuka, hivyo mti ulinifukuza miaka mingi bila kunipata.

Siku moja ukanipata. Nilikuwa msichana mkubwa tayari. Nilinyoosha miguu mpaka vidole vikauma, havikuona jua. Niliuacha mtungi palepale nikakimbia nyumbani, na bibi nikamkuta anamenya ndizi.

"Bibi, kivuli kimetosha," nilisema.

Aliuliza nimekipimaje. Nilipomweleza, alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Umepima kwa mwili wako, mjukuu wangu. Basi hicho ni chako. Na maji, umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijaza mtungi bila kusubiri, na wala sikujiuliza kwa nini, maana macho yangu yote yalikuwa kwenye kivuli.

Mzee Eliezeri tulikuwa tumeshamzika, mikuyu ikiwa bado haijatosha kufunika kuku. Bibi aliishi mpaka nikaolewa. Alipofariki, waombolezaji walisema, "Si tulisema? Mkuyu umemchukua." Walisema hivyo huku wakinywa maji ya ile chemchemi. Niliwakasirikia sana.

Siku hizi siwakasirikii. Nadhani imani ile haikuwa uongo. Apandaye mkuyu hupanda kivuli cha wengine, na mara nyingi hawezi kukisubiri. Kinachoniuma ni kwamba sisi tuliisikia kama sababu ya kurudisha mikono nyuma.

Mwaka jana vijana wa kijiji walikusanyika kupanda miti kwenye chemchemi nyingine iliyokauka. Walichimba vizuri, wakipigana picha kwa simu zao. Mkuyu ulipoletwa, wakaulaza kando ya shimo, wakatazamana.

Mgongo wangu sasa unauma kweli. Niliweka kikapu chini, nikawaambia wanipishe.