Maji ya Kudekia

Mtu asiniambie habari za subira. Wiki ile, subira yangu ilikwisha yote, na hata ya kuazima sikuwa nayo.

Mama yangu alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, mwaka wa pili huo. Sukari walimpima, hana. Dawa za Iringa alizimeza mpaka akazichoka. Mimi kazi yangu, hapa Mbeya, ni kupima seli nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu. Kwenye ukuta wa kila seli kuna vijilango vya kutoa protoni nje wakati wa mapambano. Vikifunguka, unapita umeme mdogo ajabu, na mashine inausikia kupitia kijineli cha kioo chenye ncha isiyoonekana kwa macho. Nikajiambia huenda vijilango vya mama vimekwama. Akapanda basi kutoka Kihesa, kule Iringa, akatia saini fomu ya ridhaa kama mtu mwingine yeyote, na Jumatatu nikamtoa damu.

Mashine ilikuwa ya kuazima. Jumamosi asubuhi wenyewe wangekuja kuichukua. Seli za watu wazima wenye afya nilishazipima tangu masika, zimetulia vizuri. Zilibaki za mama tu.

Jumatatu hiyo mstari kwenye kioo cha kompyuta ukaanza kutetemeka. Ukitetemeka hivyo umeme wa seli huuoni, umezama humo humo. Nikazima friji, nikidhani umeme wake ndio unaoingilia. Nikachomoa birika la wenzangu, wakaninunia. Nikavuka barabara kumsihi mchomelea mageti apumzike kidogo, naye akaniuliza kama mageti yake nitayachomelea mimi. Mstari ukaendelea kutetemeka. Na seli hizo hazingoji mtu, jioni zimeshakufa, kwa hiyo Jumanne nikamtoa mama damu tena, na Jumatano tena, na Alhamisi.

"Mbu wa Igawa, kule njiani, wana huruma kuliko wewe," akaniambia, huku ananyoosha mkono.

Ijumaa nililia chooni. Nasema wazi, nililia kwa hasira. Kisha nikampigia fundi umeme. Alizunguka chumba mara moja, akauliza waya wa ethi, ule wa kumwaga umeme wa ziada usisumbue mashine, unaingia ardhini wapi. Sikujua. Tukaufuata nje hadi nyuma ya jengo, na mama aliyekuwa anafanya usafi kwetu akatufuata na ndoo yake.

Waya ulizama kwenye udongo mkavu uliopasuka, vumbi tupu, ndio kiangazi chetu. Fundi akasema ethi haishiki kwenye ardhi kavu namna hii, palitakiwa unyevu. Akashangaa ilifanyaje kazi siku zote. Juu ya waya, ukutani, palibandikwa karatasi: MARUFUKU KUMWAGA MAJI HAPA.

Mwandiko ulikuwa wangu. Mama yule wa usafi alikuwa akimwaga pale maji ya kudekia kila asubuhi, miaka na miaka. Wiki tatu nyuma nilikanyaga tope lake na viatu vipya, nikamfokea mbele za watu, mtu wa umri wa mama yangu, nikabandika karatasi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilitamani huo ufa wa ardhi unimeze.

Nikamwomba radhi. Nikamwomba amwage.

"Kwanza bandua karatasi yako," akasema.

Nikaibandua. Alimwaga ndoo nne, taratibu, bila kunitazama. Tulipoingia ndani mstari ulikuwa umenyooka, na mimi nikakimbia kumtafuta mama.

Alikuwa kwenye benchi nje, begi limeshafungwa, tiketi ya kesho mkononi. Mkono wa kulia ulikuwa na alama nne. Akanipa wa kushoto. Nilifanya kazi ile bila kula, na alasiri seli ya tatu ikashika kwenye ncha ya kijineli. Nikaipa amri ya kufungua. Mstari ukapanda polepole, laini, ukatulia juu. Nikarudia kwa seli nyingine, na nyingine. Ulipanda vilevile kila mara, sawasawa na wa wale watu wenye afya.

Mama alikuwa ameingia, amesimama nyuma ya kiti changu na kanga yake mabegani. Akauliza ule mstari unasema nini.

"Vijilango vyako vizima, mama. Vinafunguka vizuri kabisa."

Akafurahi. Alishukuru Mungu kwa Kihehe, kisha akautazama mguu wake uliofungwa bandeji.

"Sasa hiki kidonda kinatoka wapi?"

Wiki nzima nilikuwa nimegombana na friji, birika na mchomelea mageti, na swali hilo lilikuwa palepale lilipokuwa Jumatatu. Nikamwambia sijui. Asubuhi wenye mashine walifika mapema, wakaisukuma nje kwa mlango wa nyuma, magurudumu yakapita kwenye tope.