Nilimwita Rafiki Yangu Muuza Mechi, na Ukweli Amenikataza Kuusema

Admin, jina langu liache pembeni, maana Kamembe, mji wetu wa Rwanda mpakani na Kongo, ni ndogo na sauti yangu inajulikana. Nina miaka arobaini na moja, mke na watoto watatu. Nilicheza mpira wa kulipwa miaka tisa, beki wa kati, hadi goti likakataa. Sasa natangaza michezo kwenye redio moja ya hapa Rusizi.

Kipa wa timu yetu nitamwita Saidi. Tulianza naye mpira tukiwa vijana. Siku goti langu lilipovunjika, ni yeye aliyenibeba mgongoni kunitoa uwanjani.

Wiki mbili zilizopita tulifungwa. Shuti la kawaida kabisa, limepigwa kutoka mbali, likampita Saidi kama mtu asiyeliona. Jumatatu nikiwa hewani hasira ikanitangulia: "Kipa mzoefu hafungwi goli lile! Ijumaa nilimwona anavuka mpaka. Muulizeni Bukavu alikwenda kuonana na nani." Simu zikamiminika. Bosi wangu akacheka kwa furaha nyuma ya kioo.

Jumatano mke wa Saidi akaja redioni, nguo zimejaa matope.

"Papa, weye ulikulaka kwangu," akaniambia. "Leo bantu bamekuja ku soko, bamemwaga bitenge byangu mu matope, banasema ni mali ya kuuza mechi. Saidi anaendaka Bukavu kwa munganga wa macho! Jicho la kushoto haioni tena."

Nikaenda kwao, mtaa wa Gihundwe, saa ile ile kuomba msamaha, nikamwahidi Saidi nitasahihisha. Hakupandisha sauti.

"Sahihisha, lakini jicho usiitaje. Timu ikijua, nimekwisha. Wacha baniite muuzaji kuliko baniite kipofu."

Alhamisi nikasema hewani kwamba nilikosea, sina ushahidi wowote. Msikilizaji wa kwanza akauliza: "Basi tuambie, Bukavu alienda kufanya nini?" Nikanyamaza. Labda sekunde tano, ila kwenye redio ni kama mwaka. Nikaweka muziki.

Watu wakasema, mmeona, kimya chake ndiyo jibu. Kesho yake binti wa Saidi akapigwa jiwe akitoka shule. Ameshonwa nyuzi nne kwenye paji la uso.

Jumapili Saidi anasimama golini tena, na mimi ndiye nitakayetangaza. Mashabiki wanasema akifungwa tena watamfuata hadi nyumbani. Nikitoa siri, nalinda watoto wake lakini nammalizia kazi mtu aliyenibeba. Nikinyamaza, damu nyingine ikimwagika itakuwa mikononi mwangu. Mke wangu anasema, "Sema yote." Saidi hapokei tena simu zangu.

Ndugu zangu, mkinitukana sawa, nimestahili. Ila nishaurini kabla ya Jumapili: nifungue mdomo au niufunge?