Katriji Kwenye Mizani

Mtaa mzima unamwita wifi yangu Inspekta, naye jina analijua wala halimkeri. Ukimpa barua aichape, anaigeuza nyuma kwanza. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, atataka kujua salamu ya pili ni ya nini. Simsengenyi; haya yote nimeshamwambia usoni.

Ni dada wa marehemu mume wangu. Ana duka la kuchapa na kutoa kopi mkabala na chuo: mashine moja, kompyuta mbili, benchi la wateja, na kabati la chuma ambalo ufunguo wake anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Tangu nifiwe, mimi na wanangu wawili tunaishi kwake, na kazi nafanya kwake. Mwaka wa nne huu, na ufunguo ule sijaushika hata mara moja. Nikitaka rimu ya karatasi naomba, naye anainama na kufungua bila kuuvua.

Mashine ya zamani ilipokufa, akanunua nyingine iliyotumika. Baada ya wiki chache akaijaza wino kabla haijalalamika, maana Inspekta hangoji kuambiwa. Alifunga mlango, akatandika gazeti mezani, akamimina chupa ya wino wa unga ndani ya katriji, lile sanduku refu la plastiki linalokaa tumboni mwa mashine. Mimi nilikuwa nje nikiwatuliza wateja.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi akaenda kliniki kupima presha, akaniachia duka. Saa nne asubuhi kioo cha mashine kikaandika kwamba wino unakaribia kuisha. Nikaitoa katriji, nikaitikisa kushoto na kulia kama tunavyofanya siku zote, ili unga uliolala pembeni usambae. Ilikuwa nzito. Nikairudisha, na maandishi yakabaki pale pale, ingawa karatasi zilitoka nyeusi ti. Nikaogopa kweli, kwa sababu namjua wifi yangu.

Aliporudi alisoma kile kioo mara mbili.

"Wifi, si nimejaza Jumatatu?"

"Umejaza, wifi. Hata mimi nashangaa."

"Nauona mshangao wako," akasema, huku akiutazama mkoba wangu.

Afadhali angeupekua. Badala yake alikwenda kwa muuza nafaka jirani, akaazima mizani, akaiweka katriji juu yake palepale mbele ya wateja. Gramu mia tisa na ishirini. Akaandika kwenye kalenda ya ukutani. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, bila kumtazama mtu.

Kuitwa mwizi na wifi yako si vumbi useme utaoga litoke. Nyumba ile ndiyo pekee inayowahesabu wanangu kuwa damu yake. Ningetoka pale kwa jina la mwizi, na wao wangetoka nalo.

Jumamosi akapima tena. Gramu mia tisa na kumi. Nikashusha pumzi.

"Unaona, wifi? Wino umo."

"Uzito umo," akanijibu. "Wino sijauona."

Jioni nikamkuta jikoni anachokoa jivu la jiko la mkaa kwa kijiko, analinusa. Alishaamua kwamba nimeuza wino kwa duka la ng'ambo ya barabara, na pengo nimelijaza jivu.

Na mimi nikaanza shaka zangu. Mbona alijaza akiwa amejifungia? Mbona kliniki ikawa siku ile ile? Nikajiambia amechoka kutulisha, anatafuta sababu ya kututoa ambayo ndugu wataimeza. Nikaanza kukunja nguo za watoto begini, moja moja, asione.

Jumatatu mashine ikagoma kabisa: wino umekwisha, badilisha katriji. Inspekta akamwita fundi, akamweka kwenye kiti katikati yetu kama shahidi. Fundi akafungua kizibo cha katriji, akachungulia.

"Umo tele."

"Wino au jivu?"

"Jivu la nini tena, mama?" Akachota kidogo kwa ncha ya bisibisi, akautazama kwenye mwanga. "Huu ni wino safi. Mashine yenu ya kwanza ilikuwa na kitaa upande huu wa tangi la wino na kijicho upande wa pili. Wino ukipungua, mwanga unapita hadi kwenye kijicho, nayo inajua. Hii haichungulii. Ina chipu hapa ubavuni, ndogo kama ukucha. Inahesabu karatasi mlizotoa na weusi uliotumika, inakadiria wino uliobaki. Mkijaza bila kubadili chipu, yenyewe inaendelea na hesabu yake ya zamani mpaka inafika mwisho."

"Yaani imesema umeisha bila kuangalia ndani?"

"Bila kuangalia, mama. Ile chupa huwa inakuja na chipu mpya, kwenye kifuko. Yenu iko wapi?"

Mkono wa Inspekta ukaenda shingoni. Akainama, akafungua kabati, akatoa kopo la biskuti, na ndani ya kopo akatoa kitambaa kilichokunjwa mara tatu.

"Niliificha," akasema taratibu. "Kitu kidogo namna hii ndicho kinachoibwa."

Fundi aliibandika ile chipu, na kioo kikaonyesha wino umejaa. Alijikaza asicheke mpaka alipofika nje.

Tukabaki wawili. Inspekta akaing'oa ile kalenda yenye gramu zangu, akaichana. Akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo huwa hakai.

"Nisamehe, wifi," akasema. "Nilikuonea."

Kisha akaivua ile kamba ya kiatu, akaniwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa bado na joto la kifua chake. Nilitaka kumwambia nimesamehe, nimwambie na habari ya begi la nguo.

Badala yake miguu ilinipeleka kabatini. Nikauingiza ufunguo, nikauzungusha. Kufuli lilipolia ndipo nikajua nimefanya nini: nimeujaribu kama ni wenyewe. Nikageuka. Alikuwa ananitazama, mikono mapajani.

"Unafungua?" akaniuliza.

"Unafungua, wifi," nikasema, na uso wangu sikujua pa kuuweka.