Risasi za Mkono wa Urho

Elma Niskala aliolewa akiwa msichana wa miaka ishirini, akafiwa na mumewe akiwa bibi wa sitini na nane, na kati ya hapo hakuwahi kununua risasi hata moja dukani. Hapa Salo Creek, mji wetu mdogo wa misitu na theluji, hakuna anayelishangaa hilo. Wengi wetu hujaza risasi zetu wenyewe wakati wa baridi. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa husafishwa, hutiwa kitakoni fataki mpya ya kuwashia baruti, hupimiwa baruti, kisha kichwa cha risasi hukandamizwa mdomoni. Mumewe, Urho, aliifanya kazi hiyo katika chumba cha chini ya nyumba, huku redio ikisema peke yake na Elma yuko juu akikanda mkate wa iliki. Risasi za mkewe alizipunguzia baruti kidogo ili bunduki isimtese bega. Boksi lake alilibandika kikaratasi chenye maneno mawili: Za Elma.

Wengi wetu tulimjua Elma kupitia dirisha la jikoni la shule, alikopakua chakula mpaka alipostaafu. Alikuwa na sauti ndogo. Ukitaka kumsikia ilibidi uinamie sahani. Yeye na Urho hawakujaliwa watoto. Walikuwa na kibanda chao cha kuwindia upande wa mabwawa, na kila Novemba kumi na tano, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa na shule zetu kufungwa, wawili hao walikuwa kule kabla hakujapambazuka, wamekaa kwenye benchi moja bila kusemezana.

Urho alifariki mwezi wa Mei. Moyo ulisimama akiwa anachimbua vitunguu vya mwaka jana. Vuli ilipofika, Elma aliwaambia watu kanisani kwamba atakwenda kibandani kama kawaida, na bunduki yake, na boksi la mwisho alilojaziwa.

Kwetu mjane akitamka neno bunduki, kila mtu anageuka mwalimu. Mpiga kinanda alimshauri anunue bastola alale nayo chini ya mto. Mume wa mpiga kinanda alisema bastola haifai kitu, achukue bunduki ya marisawa. Dale Lachance, mwenye duka, alimwambia anunue mpya kabisa, ile ile anayoiuza yeye. Elma aliwashukuru wote kwa zamu. Alirudi nyumbani, akachemsha kahawa ya watu wawili, akamwaga nusu.

Aliyemsikiliza kweli alikuwa Waino, mdogo wake Urho. Waino ana tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, na ukutani kwake kuna pembe za kulungu nyingi kuliko picha za wajukuu. Alikuja Jumamosi, akaichukua bunduki ya Elma mezani, akailenga saa ya ukutani.

"Aisee, shemeji, hii bado binti kabisa."

"Nataka kujua kuhusu risasi tu," Elma alisema. "Ni zile za baridi iliyopita. Zinafaa?"

"Zinafaa? Shemeji, usimtukane marehemu! Mkono wa Urho ule. Mimi nimepiga za kwake tangu nina nywele. Zipige ufunge macho!"

"Nikifunga macho nitampiga ng'ombe wa Lachance."

"Heri! Mwenyewe anatudai sote, acha naye apate hasara."

Walicheka. Waino alikula vipande vitatu vya mkate, akaondoka, na gari lake liliposikika likipinda barabarani nyumba ikawa kimya kuliko kabla hajaja. Hata hivyo Elma alifurahi. Alikuwa amepata jibu alilolitaka.

Kilichobaki ni darubini ya bunduki, ile ya kulengea. Urho ndiye aliyekuwa akiirekebisha kila mwaka, na sasa mtu pekee wa kuaminika kwa kazi hiyo alikuwa Hilja Pelto. Hakuna anayempenda sana Hilja. Amewafundisha watoto wa wilaya nzima usalama wa bunduki, na aliwahi kumfelisha mtoto wa mchungaji mara mbili. Waino humtania kwamba hata sala ya chakula huikagua kwanza asije akaikuta na risasi ndani. Elma naye hakumpenda. Katika mazishi ya Urho, Hilja alimpa mkono, akasema "Pole," akaondoka bila kugusa keki.

Hilja alimpokea jikoni kwake. Elma akamkabidhi bunduki.

"Haina kitu ndani," alisema.

Hilja akafungua kufuli la bunduki, pale risasi inapoingizwa, akachungulia, akaingiza kidole kidogo kuhakikisha.

"Nimekwambia haina kitu."

"Nimekusikia." Akailaza mezani, mdomo ukielekea ukutani. "Utapiga risasi gani? Darubini naiweka kwa risasi utakayopiga, siyo kwa nyingine."

Elma akatoa boksi mkobani. Hilja akasoma kikaratasi. Hakulifungua.

"Alizijaza Urho?"

"Nani mwingine?"

"Lini?"

"Baridi iliyopita. Baada ya Krismasi, nadhani. Mpaka kama Machi hivi."

"Na wakati ule alikuwa anaendeleaje?"

Elma alisema baadaye kwamba swali lile lilimchoma kwa sababu katika miezi yote ile hakuna mtu aliyemwuliza. Watu waliuliza alikufa vipi. Hakuna aliyeuliza aliishi vipi kabla ya hapo.

"Urho alikuwa makini kuliko wewe," alijibu.

"Alikuwa. Alinifundisha mimi. Ndiyo maana nauliza."

"Waino amesema zinafaa."

"Waino atakuwa na sababu zake. Mimi sijui kilichomo, Elma. Ganda likishafungwa, anayejua ni aliyejaza tu. Mimi risasi ya mkono wa mtu mwingine naipiga kama naweza kumpigia simu nikamwuliza."

Elma akachukua boksi lake, akachukua bunduki, akasema atarudi siku nyingine. Njiani alilia kwa hasira hadi ikabidi asimamishe gari kando ya barabara. Alijiambia kwamba mwanamke asiyewahi kuolewa hawezi kuelewa, kwamba Hilja hajawinda siku nyingi, kwamba roho yake ni kavu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini hayakuhusu risasi, na Elma alilijua hilo vilevile.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku ule, na asubuhi Elma alimpigia Waino simu.

"Shemeji, wewe mwaka huu unapiga zipi?"

"Mimi? Nimenunua za Lachance. Mwizi yule!"

"Na zile alizokupa Urho wakati wa Krismasi?"

"Zipo kabatini."

"Kwa nini hujazipiga?"

"Nimeziweka tu. Ukumbusho."

"Waino. Wewe unamkumbuka kaka yako kwa kupiga kelele, siyo kwa kuweka vitu kabatini."

Elma alisikia mbwa akikwaruza mlango upande wa pili wa simu.

"Ile Krismasi," Waino alisema mwishowe, "aliniuliza jina la mbwa mara nne. Mbwa aliyenipa yeye mwenyewe. Nikadhani ananitania."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye ulikuwa unaishi naye."

"Na juzi? Ulipokuwa hapa unakula mkate wangu?"

"Ulivyoniuliza, shemeji, nilikuona unavyotaka nijibu."

Elma akaweka simu. Hakumkasirikia, au hakuwa na nafasi ya kumkasirikia. Akashuka chumba cha chini, mahali ambapo hakuwa ameingia tangu Mei. Akachukua nyundo ya plastiki ambayo Urho alikuwa akiitumia kuvunjia risasi zilizoharibika. Unafunga risasi ndani ya kichwa cha nyundo, unagonga sakafuni, na kichwa cha risasi kinaachana na ganda, baruti ikamwagika ndani bila madhara. Alimwona akifanya hivyo mara nyingi. Hakuwahi kuishika mwenyewe.

Alizivunja moja moja, akimwaga baruti ya kila moja kwenye sahani nyeupe ya kwake, kundi kando ya kundi. Za kwanza zilikuwa vijiti vidogo vyeusi, vyote sawa, kama inavyotakiwa. Elma alianza kuona aibu, akajiona anamharibia marehemu kazi yake kwa maneno ya mwanamke aliyekataa keki. Kisha ikamwagika baruti bapa, yenye vipande kama pilipili manga iliyosagwa vibaya. Ile ilikuwa ya bastola, kama mkebe wake ulivyoandikwa pale rafuni. Inawaka haraka mno kwa bunduki. Ingelipasua kufuli usoni mwake. Iliyofuata ikawa sawa. Iliyofuata tena haikuwa na kitu kabisa.

Aliendelea mpaka boksi likaisha. Mbaya hazikuwa nyingi. Kilichomliza ni maganda yenyewe. Yote, mazuri na mabaya, yalikuwa yamesuguliwa yakang'aa, na midomo yake imekatwa sawasawa. Mikono ilikuwa bado inajua kila kitu. Ni yeye aliyekuwa anapotea katikati ya mikono yake, chini ya miguu ya mkewe, redio ikisema, na hakupanda ngazi kumwambia mtu. Pengine hakujua. Pengine alijua. Aliyeweza kupigiwa simu akaulizwa hayupo.

Baruti ile aliimwaga bustanini juu ya theluji, kama tunavyofanya wote, mahali viazi vitakapopandwa.

Jioni hiyo alikwenda kwa Waino, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Nipe zile za kabatini."

Waino alimpa. Kwa mara ya kwanza Elma alimwona hana utani. Alirudi nyumbani na boksi kwenye kiti cha pembeni, akazivunja zote vilevile. Zilikuwa nzuri, kila moja, vijiti vyeusi kwa vijiti vyeusi. Kwa hiyo mbwa alisahaulika kwanza, na mikono ikadumu kidogo zaidi. Baada ya sikukuu, wakati theluji ilipofunga barabara na hakuna mgeni aliyekuja, walikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile, na mmoja wao alikuwa peke yake.

Akapiga simu.

"Zako zilikuwa nzuri zote, Waino."

"Si nilikwambia!" Sauti yake ikarudi yote kwa mpigo. "Mkono wa Urho ule! Lo, shemeji, umenivunjia dhahabu bure. Na zako je?"

Elma alitazama sahani, ambayo alikuwa ameiosha na kuiacha ijikaushe.

"Zangu pia."

"Basi ungezipiga!"

"Nimeshazivunja. Kesho nakwenda kwa Lachance, halafu kwa Hilja aniwekee darubini."

"Kwa Hilja! Atakukagua na wewe, uvue viatu kabisa!" Waino akacheka, akaanza kusimulia yule kulungu waliyempiga yeye na Urho mwaka ule wa mafuriko, habari ambayo Elma ameisikia kila Krismasi. Akavuta kiti, akakaa na simu sikioni, akamwacha aisimulie hadi mwisho.