Thamosi Niliyoipeleka Ukweni

Chekeni tu, nimezoea, lakini siku ile niliogopa kweli, na aibu yake hainitoki mpaka leo.

Nilikuwa nasomea bakteria chuoni Embu, hasa zile protini zao zinazokamata lishe yenye salfa na kuipitisha ndani (bila hizo bakteria anakufa njaa chakula kikiwa mlangoni). Asubuhi ya kwenda Siakago kujitambulisha kwa kina Wawira, mchumba wangu, stima ikapotea maabara. Bakteria wanataka joto, na kazi ya muhula mzima ilikuwa kwenye ile supu tunayowakuzia, basi nikajifanya mjanja, nikawalisha salfa ya kutosha, nikaimimina supu yote kwenye thamosi yangu ya chai, nikaitia kwenye mkoba na kwenda nayo ukweni.

Sasa niambieni, nani huku kwetu akiona thamosi kwa mkoba wa mgeni atafikiria bakteria? Shangazi yake Wawira alinipokea mkoba mlangoni nami nikauachilia, adabu jamani.

Mama Wawira akasema tuombee chai. Wakaombewa wasafiri, ikaombewa mvua, wakaombewa mbuzi, nami nikafungua jicho moja kuangalia mandazi. Thamosi yangu ilikuwa katikati ya vikombe! Hapo nikaogopa, kwa sababu kikombe cha kwanza kingekuwa cha nyanya yake Wawira, aliyetoka hospitalini juzi, na mimi sikujua ni nini kingine kimeota mle ndani. Lakini kukatiza maombi ukweni? Nikanyata wakiwa wamefumba macho, nikaikumbatia thamosi, na papo hapo wakasema, "Amina!"

"Kijana," Mama Wawira akauliza, "chai yetu unapeleka wapi?"

"Si chai, Mama. Ni... ni bakteria."

"Ati nini? Wacha mchezo, leta hapa."

Akavuta, nikavuta, kifuniko kikatoka. Wale wadudu walikuwa wameigeuza salfa yangu yote kuwa gesi, nyumba ikanuka mayai yaliyooza, supu ikamwagika kwenye kitambaa cheupe.

"Uuui! Huyu ametuletea nini?" nyanya akalia, na wengine wakatoka mbio. Mimi nilibaki pale naomba sasa kwa ukweli, kwamba hakuna tone lililofika mdomoni mwake.

Halikufika. Wawira alikubali tuoane, sijui kwa nini. Lakini hadi leo Mama hunisubiri mlangoni kama zile protini zangu, anakamata mkoba, anaunusa kote, ndipo naingia. Thamosi mimi sibebi tena, hata ya chai.