Saruji ya Gelle

Gelle Keynan alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kujivunia visima vya kwao. Miaka tisa alikuwa utingo wa lori la mifugo kati ya Wajir na Garissa, na kila waliposimama Modogashe aliwaona wageni wenye kamera wakishika njia ya Isiolo kwenda kutazama simba. Hakuna aliyeuliza njia ya Tarbaj, kwao Gelle. "Simba amechimba nini?" alimwuliza dereva. Kwao kulikuwa na visima vinne vilivyochongwa kwenye mwamba na watu ambao hata wazee hawakujua majina yao. Jambo hilo lilimuuma, na hakuona haya kulisema.

Mwaka 1995 aliacha lori, na wazee wakampa uangalizi wa visima kwa kuwa alijua Kiswahili cha ofisini. Mwaka uliofuata habari mbili zikafika wiki moja. Mkandarasi wa barabara alitaka kuupasua mwamba ule apate kokoto. Na afisa wa mambo ya kale alikuwa njiani kutoka Nairobi: akiridhika kwamba visima ni vya kale, mwamba hautaguswa, asiporidhika, nyundo zianze.

Sasa, huko Wajir nyumba inayongoja mgeni wa heshima hupakwa chokaa. Gelle akaitazama midomo ya visima, imechakaa, imejaa mifereji iliyochimbwa na kamba. Aibu iliyoje! Akanunua saruji, akaziba mifereji ya visima vitatu, akailainisha kwa kiganja, akapaka chokaa mpaka vikang'aa. Saruji ikamwishia kabla ya cha nne, akakificha kwa matawi ya miiba.

Mkewe Shurie alicheka mpaka akashika mbavu. "Umemvisha bibi kizee nguo za harusi."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Gelle akajibu, na kuchovya brashi tena.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mkimya, mwenye viatu vigumu. Alikunywa maziwa ya ngamia aliyokaribishwa, akazunguka visima vitatu, akakwangua chokaa kwa ukucha.

"Mzee, hivi mlivijenga mwaka gani?"

"Kujenga? Hii fisima ni ya kitambo sana, mama! Babu ya babu yangu alikuta hii."

"Mimi naona saruji ya juzi. Alama za watu wa kale ziko wapi?"

Gelle akajifuta chokaa mikononi. "Ilikuwa alama ya kamba. Ilikuwa fibaya, mimi nikafunga. Bole sana, mama."

"Alama hizo ndizo zilizonileta," afisa akasema, akafunga daftari. "Siwezi kuandika nisichokiona."

Majuto ni mjukuu, na wa Gelle alikuwa ameshafika na kuketi. Mwamba utapasuliwa, na kwa mikono yake mwenyewe.

Shurie alikuwa akileta ngamia kunywa. Alimwona mumewe uso umemshuka, akaelewa, akaisukuma miiba kwa fimbo yake. "Mwonyeshe bibi kizee," akamwambia kwa Kisomali.

Kumi na mmoja ilikuwa mifereji ya kisima cha nne. Afisa alitia mkono katika mmoja, vidole vikazama vyote. Kabla hajasema neno, ngamia wakamzunguka; na kwa desturi ya hapo ngamia mwenye kiu akifika maneno husimama, na kila aliye kisimani hushika kamba. Shurie akamkabidhi afisa kamba bila kuuliza cheo chake. Kamba ikaingia mferejini yenyewe. Mama yule akavuta, akavuta, ndoo ikapanda ikimwagika, viatu vikalowa, naye akacheka kwa sauti.

Kisha akafungua daftari, akaandika kurasa tatu.

"Mwamba hautaguswa," akasema. "Lakini saruji hiyo, mzee, utaibandua mwenyewe. Polepole."

Gelle alikuwa ameshashika patasi. Machozi yalimlengalenga, akayaacha.

"Na wewe umekula hii jiwe kidogo na kamba leo, mama," akasema, akiuonyesha mfereji. "Sasa ni kisima yako. Lete watu."